Kuomba nafasi ya uzamivu kwenye kikundi cha biolojia ya kompyuta: mwongozo kamili, kuanzia tangazo hadi mkataba

Ombi langu la kwanza la uzamivu niliandika usiku mmoja. Nilikuwa nimeona tangazo la kikundi kimoja cha utafiti Ujerumani, nikasoma jina la chuo, mshahara na tarehe ya mwisho, basi nikakaa kitako nikaandika. Barua ile ile niliituma kwenye vikundi vingine zaidi ya ishirini, nikibadilisha jina la profesa tu. Nilijibiwa na wawili, wote wakinitakia kila la heri.

Leo nimekaa upande wa pili wa meza. Kikundi ninachofanyia kazi kikitangaza nafasi, mimi ni mmoja wa wanaosoma maombi kwa mara ya kwanza, na kila raundi nakutana na barua yangu ile ya zamani, imeandikwa na mtu mwingine. Nyingi zinatoka kwetu, Afrika Mashariki, kwa vijana wenye alama nzuri kuliko nilizokuwa nazo mimi. Inaniuma kuziweka pembeni, kwa sababu najua kilichokosekana kingeweza kupatikana kwa wiki nne za kazi.

Kinachokosekana ni ushahidi. Barua inasema mwombaji anapenda bayoinfomatiki, yaani kuchambua data za biolojia kwa kompyuta, lakini haionyeshi kitu hata kimoja alichokifanya kwa mikono yake, akakimaliza, na kikamwacha na swali. Anayeitwa kwenye usaili ni yule aliyeonyesha. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuhusu namna ya kupata kitu hicho cha kuonyesha.

Hatua ya kwanza: jua unaomba nini hasa

Neno uzamivu ni moja, ila njia za kuingia ni tofauti sana, na wengi hupoteza mwaka mzima kwa kuzichanganya.

Ujerumani, Uholanzi, Uswisi na nchi za Skandinavia, nafasi ya uzamivu mara nyingi ni ajira. Kikundi kina fedha za mradi, kinatangaza nafasi, unaomba kama unavyoomba kazi, unasaini mkataba na unalipwa mshahara wenye makato ya kodi na bima. Tangazo la Ujerumani likiandika TV-L E13, 65%, maana yake ni daraja la mshahara la watumishi wa umma la E13, na wewe utalipwa asilimia 65 ya mshahara wa daraja hilo. Kwa kawaida wanataka uwe na shahada ya uzamili kabla ya kuanza.

Marekani unaomba programu ya chuo, wala si kikundi kimoja. Maombi mengi hufungwa mwezi Desemba, masomo huanza Agosti au Septemba mwaka unaofuata, na mwaka wa kwanza unazunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua unakokaa. Shahada ya kwanza inatosha kuomba. Vyuo vingi vinatoza ada ya maombi, lakini vingi pia vina utaratibu wa kukusamehe ada hiyo ukiomba mapema, na watu wetu hawaombi.

Katikati kuna shule za uzamivu za Ulaya zenye dirisha la maombi la pamoja. EMBL, maabara ya biolojia ya molekuli inayomilikiwa na nchi nyingi za Ulaya, ina vituo sita. Makao makuu yapo Heidelberg, na kituo chake cha Hinxton karibu na Cambridge, kiitwacho EMBL-EBI, ni kama moyo wa data za biolojia duniani. Taasisi za utafiti za Max Planck, za Ujerumani, zina shule zao ziitwazo IMPRS, ikiwemo moja ya Berlin inayohusu biolojia na ukokotoaji moja kwa moja. Halafu kuna mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayolipwa na Umoja wa Ulaya. Hiyo haina sharti la uraia, ila ina sharti la kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi ya kikundi unachokiomba kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Kwa mtu anayeomba akiwa Mwanza au Kisumu, sharti hilo linamsaidia.

Na usiruke nyumbani. Mpango wa KEMRI-Wellcome Trust pale Kilifi umelea wanafunzi wa uzamivu kwenye jenomu (seti nzima ya maelekezo ya urithi ya kiumbe) za vimelea na virusi kwa miaka mingi. Pale Nairobi icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ina ARPPIS, mpango wake wa uzamivu wa sayansi ya wadudu. Kampala kuna kituo cha umahiri cha bayoinfomatiki kinachoshirikiana na Makerere. Ukitaka kufanya kazi kwenye malaria, mbu au magonjwa ya mifugo, kikundi kilicho karibu na sampuli kina faida ambayo Zürich haiwezi kukupa.

Hatua ya pili: soma tangazo kama mkataba

Lichapishe. Chukua kalamu mbili. Kwa ya kwanza pigia mstari kila sharti la lazima, kwa ya pili kila kitu kinachoanza na maneno kama "itakuwa faida" au "tunapendelea". Kundi la kwanza kwa kawaida ni fupi kuliko ulivyodhani: shahada ya uzamili kwenye fani inayohusiana, uwezo wa kuandika programu kwa lugha moja, Kiingereza. Kundi la pili ni orodha ndefu ya ndoto ya kiongozi wa kikundi: Nextflow (programu ya kupanga hatua za uchambuzi), ujifunzaji wa mashine, data za seli moja moja, uzoefu wa seva kubwa za hesabu. Hakuna mtu mwenye yote. Ukitimiza kundi la kwanza na mambo mawili ya kundi la pili, omba.

Kisha tafuta sentensi inayosema mwanafunzi atafanya nini. Kuna matangazo yanayotafuta mtu wa kubuni mbinu mpya za hesabu, na kuna yanayotafuta mtu wa kuchambua data za washirika wa maabara. Hizo ni kazi mbili. Ya kwanza inamfaa aliyetoka hisabati au sayansi ya kompyuta na yuko tayari kujifunza biolojia. Ya pili inamfaa mwanabiolojia aliyejifunza Python au R akapenda. Wengi hukatiwa jina kwa kuomba ya kwanza kwa barua ya ya pili.

Hatua ya tatu: soma kazi za kikundi, na uziendeshe

Chagua makala tatu: moja ya karibuni, moja inayonukuliwa zaidi, na moja ambayo mwandishi wa kwanza ni mwanafunzi wa uzamivu wa kikundi hicho. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu, kwa sababu inakuonyesha mwanafunzi wa pale huishia kutoa kazi ya namna gani. Nyingi zinapatikana bure kwenye bioRxiv, tovuti ya rasimu za makala za biolojia, kabla hata hazijachapishwa kwenye jarida, kwa hiyo huhitaji maktaba yenye usajili.

Usisome muhtasari tu. Nenda sehemu ya mbinu, tafuta data zilitoka wapi na programu ziliwekwa wapi. Vikundi vingi vya fani hii huweka msimbo wao, yaani maandishi ya programu zao, kwenye tovuti ya GitHub. Upakue, jaribu kuuendesha kwa mfano waliouweka wenyewe. Ukigoma, soma hitilafu, tafuta sababu. Kama maelezo yao yana kosa, waandikie kwa adabu pale pale kwenye ukurasa wa mradi ukieleza ulichokutana nacho na ulivyokitatua. Kwenye kikundi chetu, mmoja wa wanafunzi tulionao alijulikana kwetu kwa njia hiyo, miezi mitano kabla nafasi haijatangazwa.

Angalia pia waliotoka. Kurasa nyingi za vikundi huorodhesha wanafunzi wa zamani. Ukiona majina mengi yaliyoingia na kutoweka bila makala wala shahada, hiyo ni habari, hata kama hakuna atakayekuambia.

Hatua ya nne: tengeneza kazi moja ndogo, uimalize

Hapa nakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo ombi linapojengwa.

Huhitaji maabara. Huhitaji hata kompyuta kubwa. Data za umma ni nyingi kuliko watu wa kuziangalia, na baadhi ni za kwetu kabisa. Mradi wa Jenomu 1000, katika awamu yake ya tatu, ulisoma jenomu za watu 2,504 kutoka jamii 26. Jamii mojawapo, yenye kifupi LWK, ni Waluhya wa Webuye, magharibi mwa Kenya: watu 99. Data zao ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Tuchukue swali linalotuhusu. Selimundu husababishwa na badiliko la herufi moja kwenye jeni ya HBB, kromosomu ya 11. Badiliko hilo linaitwa rs334. Mwenye nakala mbili anaugua. Mwenye nakala moja anapata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wake mwaka 1954. Swali la mradi wako linaweza kuwa hili: nakala ya selimundu inapatikana kwa kiwango gani Webuye, na kiwango hicho kinalinganaje na jamii za Afrika Magharibi zilizomo kwenye data hiyo hiyo?

Sasa bando. Faili la kromosomu nzima ni zito, na kwa mtu anayenunua intaneti kwa gigabaiti hilo peke yake linakatisha tamaa. Lakini faili hizo zimebanwa na kuwekewa faharasa, kwa hiyo programu iitwayo tabix inaweza kwenda kwenye seva na kukuletea eneo unalolitaka tu. Unaipa anwani ya faili na eneo, kwa mfano kromosomu 11 kuanzia 5,248,000 hadi 5,248,500, na ndani ya muda mfupi una mistari michache kwenye laptopu yako. Mimi nilipofundishwa hilo nilikuwa nimeshapoteza bando la wiki mbili kupakua nisichokihitaji.

Kisha mtego. Jenomu rejea ya binadamu, ile ambayo nyingine hulinganishwa nayo, ina matoleo. Kwenye toleo la GRCh37, rs334 iko nafasi ya 5,248,232. Kwenye GRCh38 iko 5,227,002. Data za awamu ya tatu zilitolewa kwa toleo la kwanza, na usomaji mpya wa kina wa sampuli hizo uliotolewa baadaye, wenye watu 3,202, uko kwenye toleo la pili. Hata jina la kromosomu hubadilika: pale ni 11, huku ni chr11. Ukichanganya, programu haikuambii umekosea. Inakurudishia ukimya, au mbaya zaidi, inakurudishia kitu kingine. Nilikaa siku mbili nikiamini hakuna hata mtu mmoja wa Webuye mwenye nakala ya selimundu, jambo ambalo muuguzi yeyote wa Bungoma angenicheka nikimwambia. Jifunze kujiuliza kama jibu la kompyuta linaingia akilini. Tabia hiyo ndiyo tunayoitafuta kwenye usaili.

Ukishapata mistari, hesabu. Watu 99 ni kromosomu 198. Ngapi zina badiliko? Usiishie kwenye asilimia; toa na ukingo wa makosa, kwa sababu sampuli ni ndogo. Fanya hivyo kwa jamii za Nigeria, Gambia na Sierra Leone. Weka Waingereza 91 waliomo kama kipimo cha kuhakikisha hujakosea: kwao unatarajia kutokuona kitu. Kisha uliza swali la pili: je, wenye nakala mbili ni wachache kuliko hesabu ya kubahatisha inavyotarajia, na kama ni wachache, ni kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu waliochukuliwa ni watu wazima wenye afya? Huna jibu kamili, na huhitaji kuwa nalo. Andika unachoweza kusema na usichoweza.

Mwisho wa yote iwe hivi: ukurasa mmoja wa GitHub wenye msimbo unaoendeshwa kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa amri moja, mchoro mmoja au miwili, na maelezo ya ukurasa mmoja. Mtu mwingine akiupakua, apate matokeo yale yale. Mpe rafiki yako ajaribu kwenye kompyuta yake kabla hujauonyesha kwa mtu. Kwenye kompyuta yako utafanya kazi daima.

Badilisha swali kulingana na kikundi. Wanaofanya kazi kwenye usugu wa vimelea vya malaria kwa dawa? MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa jenomu za malaria, ilitoa seti ya Pf7 yenye sampuli zaidi ya 20,000 za Plasmodium falciparum kutoka nchi 33, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Umbo la protini? Hazina ya AlphaFold ina maumbo zaidi ya milioni 200 yaliyokadiriwa, chukua protini moja ya kimelea unachokijua. Kama hujawahi kuandika programu kabisa, anza na mazoezi ya tovuti ya Rosalind, jipe miezi mitatu, kisha rudi hapa.

Hatua ya tano: barua

Barua inaandikwa kwa Kiingereza, lakini tuiangalie kwa Kiswahili ili tuione maana yake bila kupumbazwa na maneno. Hii ndiyo tunayoipokea mara nyingi:

"Mheshimiwa, natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema. Mimi ni kijana mwenye bidii na mwepesi wa kujifunza. Nimekuwa nikipenda bayoinfomatiki tangu zamani. Chuo chenu ni maarufu duniani, na itakuwa heshima kubwa kwangu kujiunga nanyi ili nitimize ndoto zangu."

Ni salamu nzuri kwa malezi yetu. Lakini mtu aliyeifungua hajajua bado unajua kufanya nini, na ana nyingine mia moja zinazosubiri. Sasa hii:

"Kwenye makala yenu ya mwaka jana mlitumia jamii za Afrika Magharibi peke yake kama kundi rejea. Niliendesha programu yenu kwa sampuli 99 za Webuye, Kenya. Ilifanya kazi, ila makadirio ya kipande kimoja cha kromosomu ya 11 yalibadilika sana nilipoondoa kundi moja rejea. Nadhani tatizo ni uchache wa sampuli za Afrika Mashariki kwenye rejea, ingawa sijaweza kutenganisha hilo na makosa ya usomaji. Msimbo na michoro viko kwenye ukurasa huu. Ningependa kulifuatilia swali hili nanyi."

Mwandishi wa pili hajajisifu hata neno moja. Amesoma makala, ameendesha programu, ameona jambo, amelitolea sababu, na ameweka wazi mpaka wa anachokijua. Kiongozi wa kikundi akifika "nilipoondoa kundi moja rejea", anaacha kuruka mistari. Hata kama dhana ni potofu, atataka kuzungumza na mtu huyo.

Ukurasa mmoja unatosha. Aya ya kwanza iseme nafasi gani na kwa nini kikundi hiki, aya ya pili kazi uliyoifanya, ya tatu ulichosoma na unachokosa na utakavyokipata, ya mwisho tarehe unayoweza kuanza. Kama una alama mbovu kwenye somo muhimu, mathalani takwimu, itaje mwenyewe kwa sentensi moja na useme ulichofanya baada ya hapo.

Angalia jina. Viongozi wengi wa vikundi vya fani hii ni wanawake, na bado wanapokea barua zinazoanza na "Dear Sir". Tumia Dr. au Prof. na jina la ukoo.

Barua iliyoandikwa na programu ya akili mnemba tunaitambua. Si kwa sababu Kiingereza chake ni kibovu. Ni kwa sababu barua kumi zinafuatana zikiwa na msisimko ule ule na hazina Webuye ndani yake. Itumie kusahihisha sarufi ukitaka. Mawazo yawe yako.

Hatua ya sita: CV, vyeti na wadhamini

CV iwe kurasa mbili. Picha, dini na majina ya wazazi si lazima. Ujuzi wa kompyuta usiuorodheshe kama sokoni: badala ya "Python, R, Linux, Git" andika Python uliitumia kufanya nini. Tasnifu yako ya uzamili iwe na sentensi mbili za maelezo na jina la msimamizi. Kila kitu kiunganishwe kwenye PDF moja, yenye jina lako la ukoo, isipokuwa mfumo wao ukitaka vinginevyo.

Wadhamini ndio wanaoangusha wengi bila wao kujua. Mhadhiri wako ana wanafunzi mia mbili. Ukimwambia "Mwalimu, naomba barua" siku tatu kabla, atachukua ile ya mwaka jana abadilishe jina. Mwendee mwezi mmoja kabla. Mpe tangazo, CV yako, kiungo cha mradi wako, na mistari mitano ya kumkumbusha ulichofanya chini yake: kosa ulilogundua kwenye data, wiki ulizobaki maabara. Mistari hiyo si kumwandikia barua, ni kumsaidia akumbuke. Mdhamini mmoja aliyekuona ukifanya kazi ana uzito kuliko mkuu wa idara asiyekujua sura. Mkumbushe wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, kwa heshima, na muulize kama barua pepe ya mfumo imemfikia, kwa sababu mara nyingi imeangukia kwenye taka.

Kuhusu Kiingereza, kabla hujalipia mtihani uliza kama barua ya chuo chako ikithibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza inatosha. Vyuo kadhaa huikubali.

Hakuna tangazo? Andika hata hivyo, miezi sita hadi tisa kabla ya unapotaka kuanza, kwa kikundi kimoja kimoja. Mistari kumi, aya ile ya Webuye, kiungo, CV. Uliza kama kuna nafasi inayokuja au udhamini ambao mngeweza kuuomba pamoja, kama ule wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, au ule wa Jumuiya ya Madola. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja. Baada ya hapo, acha.

Hatua ya saba: usaili

Mara nyingi ni kwa video. Watakupa dakika kumi au kumi na tano kueleza kazi yako, kisha maswali, na pengine zoezi la kuandika programu nyumbani.

Umeme na mtandao havina huruma na ndoto ya mtu. Kuwa na simu iliyojaa chaji na bando la mtandao wa pili, watumie slaidi zako mapema, na waambie mwanzoni kwamba ukikatika utarudi ndani ya dakika mbili kwa simu. Hakuna atakayekupunguzia alama kwa hilo.

Kwenye maelezo yako, dakika mbili za mwanzo zihusu swali la biolojia. Waombaji wetu huanza na majina ya programu walizotumia, msikilizaji anapotea kabla hajajua kilichokuwa kinatafutwa.

Maswali yanayokuja mara kwa mara ni ya hukumu, wala si ya kukariri. Umepima jeni 20,000 kila moja kwa kiwango cha 0.05, yaani ukikubali asilimia 5 ya kukosea kwa bahati, ngapi zitaonekana muhimu kwa bahati tu? Kama elfu moja, kwa hiyo unarekebishaje? Taja njia ya Bonferroni au ya Benjamini na Hochberg, na useme lini ungetumia ipi. Sampuli za wagonjwa zilisomwa Jumatatu na za wazima Alhamisi. Tofauti unayoiona ni ya ugonjwa au ya siku? Hapo jibu la uaminifu ni kwamba, kwa mpangilio huo, huwezi kuzitenganisha kwa hesabu yoyote. Mwombaji mmoja alitujibu hivyo hivyo, akanyamaza. Alipata nafasi.

Usipojua, sema hujui, kisha fikiri kwa sauti ungeanzia wapi. Malezi yetu yanatufundisha kunyamaza mbele ya mkubwa. Pale, ukimya unasomwa kama huna wazo.

Nawe uliza. Mwanafunzi hukutana na msimamizi mara ngapi? Wanafunzi waliopita walimaliza kwa miaka mingapi? Mkataba ni wa miaka mitatu, je, mwaka wa nne unalipwa na nani? Omba kuzungumza na mwanafunzi mmoja wa kikundi bila kiongozi kuwepo. Kikundi chenye afya hukupa namba siku hiyo hiyo.

Hatua ya nane: ukikubaliwa

Kikundi halali hakikutozi fedha ili kikuajiri. Ada ya maombi ya vyuo vya Marekani hulipwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, kamwe si kwa mtu binafsi wala kwa namba ya simu. Barua pepe ya mkataba itoke kwenye anwani ya taasisi.

Omba mshahara baada ya makato uandikwe, kwa sababu tangazo hutaja kabla ya makato. Uliza kodi ya chumba katika mji huo, na kama taasisi ina nyumba za kuanzia. Asilimia 65 ni ya mshahara. Saa za kazi za mwanafunzi wa uzamivu huwa ni za siku nzima. Kama una mwenzi au watoto, sema sasa, kabla ya kusaini, ili ofisi inayoshughulikia wageni ikueleze viza ya familia inahitaji kipato gani.

Kisha, siku hiyo hiyo unayosaini, weka miadi ya viza ubalozini na anza kufuatilia uthibitisho wa vyeti vyako chuoni. Mambo hayo mawili huchukua miezi, na hayaendi haraka kwa kuombwa. Ukiona tarehe ya kuanza inakaribia na viza haijatoka, mwandikie kiongozi wako mapema aisogeze. Ni barua ya mistari mitatu, na kwa kawaida husogezwa.